Nani Alihesabu Gorila? Historia ya masomo ya kulinda wanyama kwetu Kongo



Kila mwaka, wakati wa kuandikisha wanafunzi, nafikiwa na simu ya mzazi mmoja ao wawili. Mtoto amepata diploma ya Serikali, anataka kusoma biolojia ya uhifadhi, na baba hana furaha. Swali ni lile lile: "Sasa huyu atasoma mambo ya nyani miaka tano, kisha atakula nini? Na ile kazi si ya wazungu?"

Mimi sichekelei hilo swali. Nusu yake ya kwanza ni swali la mfuko, nitairudilia. Nusu ya pili ni swali la historia, na lina jibu. Ni kweli, kwa miaka mingi kulinda na kuchunguza wanyama wetu ilikuwa kazi ya wazungu. Haikutokea hivyo yenyewe. Ilipangwa. Na kupanguka kwake kulitokea kwa njia ambayo wengi wetu hatukufundishwa, hata sisi tuliolipa minervali kwa ajili ya masomo hayo.

Parki zilikuja kabla ya wanafunzi

Tarehe 21 Aprili 1925, mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alianzisha parki iliyoitwa kwa jina lake. Ile Parki Albert njo tunaita leo Virunga. Mtu aliyesukuma sana jambo hilo alikuwa Mmarekani Carl Akeley, wa makumbusho ya viumbe ya New York. Mwaka 1921 alikuja kuwinda gorila wa mlima ili wawekwe ndani ya makumbusho, na baadaye akawa mtetezi wao. Alirudi 1926, akafia Kabara, kwenye mteremko wa mlima Mikeno, na huko akazikwa.

Baada ya hapo vyombo vya elimu vilifuatana. Mwaka 1933 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, iliyojenga makao yake makubwa Yangambi, kwenye ukingo wa mto Kongo. Mwaka 1934 ikaja taasisi ya parki za taifa. Mwaka 1947 ikaja IRSAC, ambayo majumba yake mazuri tunayaona mpaka leo Lwiro, karibu na Bukavu. Kwa utafiti wa pori la Afrika, Kongo ya Wabelgiji ilikuwa mbele sana.

Sasa weka tarehe zingine pembeni. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Cha Élisabethville, njo kusema Lubumbashi, kilifunguliwa 1956. Kutoka Parki Albert mpaka Lovanium ni miaka 29. Kwa miaka hiyo yote Mkongomani alikuwa ndani ya ile kazi, lakini kama mbeba mizigo, mkata njia, mfuata nyayo, mpishi, mchuna ngozi, mlinzi. Alikuwa anamwonyesha mtafiti mnyama, na mtafiti anaandika. Siku ya uhuru, Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30 kwa nchi nzima. Mwanabiolojia angetoka wapi?

Kuna kisa kimoja ninachopenda kuwasimulia wanafunzi. Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mtu wa Ituri. Hakujua ni wa ndege gani, akauweka. Mwaka 1936, ndani ya makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, akakuta ndege wawili wakavu waliowekwa pembeni, wameandikiwa kama tausi wa kutoka ng'ambo. Unyoya ulikuwa wao. Mwaka huo huo dunia ikatangaziwa tausi wa Kongo, na mwaka 1937 Chapin akarudi kumtafuta porini. Kumbe yule mwenye kofia alikuwa anamjua ndege huyo zamani, na wawindaji wa pori lile walijua analala wapi na anakula nini. Miaka 23 ilipita kati ya unyoya na jina. Mimi siondoi sifa ya Chapin: ni macho makali yaliyounganisha unyoya mmoja na ndege wawili wa Tervuren. Nasema tu kwamba elimu ilikuwa imegawanyika pande mbili, na hakukuwa mtu aliyeruhusiwa kusimama kwa zote mbili.

Kutoka uhuru mpaka oditwari

Baada ya uhuru, wazungu wengi waliondoka na mishahara ikasimama. Pale Virunga, walinzi Wakongomani waliendelea kuzunguka parki, na wengine waliuawa. Anicet Mburanumwe akawa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kushika uongozi wa parki ile. Hawa hawakuwa na memwari wala diploma ya biolojia. Lakini bila wao hakungebaki kitu cha kusomea.

Mwaka 1969 ilitoka sheria ya kulinda viumbe. Mwaka 1970 zikaanzishwa parki za Kahuzi-Biega na Salonga. Mwaka 1975 Kinshasa ilipokea mkutano mkuu wa UICN, shirikisho la dunia la kulinda viumbe. Kwa vyuo vikuu: Kisangani ilipata chuo chake 1963, mwaka 1971 vyuo vyote viliunganishwa kuwa UNAZA, na 1981 vikaachanishwa tena, njo tukapata UNIKIN, UNILU na UNIKIS. Kisangani ilikuwa na bahati moja isiyonunuliwa kwa pesa: pori liko mlangoni, na Yangambi iko karibu kilometa 100 tu kwa kushuka mto. Huko walianza kutoka Wakongomani wenye kujua kutaja mti kwa jina la Kilatini na kwa jina la kijiji.

Lakini angalieni: walikuwa wanasoma biolojia, yaani botania na zoolojia. Masomo yenyewe ya biolojia ya uhifadhi ni madogo kwa umri hata huko nje. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Marekani mwaka 1978, na chama chake kilianzishwa 1985, Michael Soulé akiwa mbele. Soulé alieleza kwamba hii ni elimu ya dharura. Daktari wa ajali hangoji vipimo vyote wakati damu inamwagika. Anaamua kwa kile anachojua sasa. Mwanabiolojia wa uhifadhi vilevile anaombwa kuamua wakati mnyama bado yuko, si baada ya kuwa na takwimu kamili juu ya mnyama aliyekwisha.

Tunasoma nini, kweli?

Wazazi wanafikiri mtoto anaenda kutazama nyani. Basi niseme kazi yenyewe.

Kwanza ni kuhesabu. Gorila hajipangi mstari umhesabu. Lakini kila jioni, kila gorila aliyeacha kunyonya anajitengenezea kitanda kipya cha majani. Basi tunapita kwa mistari iliyonyooka, tunahesabu vitanda, tunapima umbali wake na mstari, tunakadiria kitanda kina siku ngapi. Watoto wanaonyonya wanalala na mama, kwa hiyo vitanda havionyeshi wote. Kitanda kwenye mvua nyingi kinaoza haraka, kwenye baridi ya juu kinadumu. Ukikosea siku za kuoza, unakosea gorila wote. Njo maana tunasumbuliwa na hesabu, na wanaokimbia hesabu wakisema wamechagua "wanyama" wanashangaa mwaka wa kwanza tu.

Mfano ni gorila wa Grauer, ambaye ni wa Kongo peke yake, huku kwetu mashariki. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa kama 17,000. Kisha vita. Ripoti ya 2016 ilisema wamebaki kama 3,800, na mwaka huo wakaingizwa kwenye daraja la hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Ripoti ya 2021 ikasema kama 6,800. Watu wakashangilia: wameongezeka! Hapana, wandugu. Gorila jike anazaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kama minne. Hawawezi kukaribia kuongezeka mara mbili kwa miaka mitano. Ni hesabu iliyoboreka, juu watafiti waliweza kuingia sehemu ambazo usalama ulikuwa umezifunga. Mtu asiyesomea mambo haya anaweza kumshauri waziri apunguze walinzi, kwa sababu ya kusoma namba mbili vibaya.

Pili ni kujua kundi dogo linakufa namna gani. Hapa somo letu ni Garamba. Parki hiyo iliwekwa 1938, na ilikuwa nyumba ya kifaru mweupe wa kaskazini. Mwaka 1984 walibaki 15 tu. Kwa ulinzi na uvumilivu walipanda polepole, na kufika mwaka 2003 walikuwa kama 30. Ilikuwa ushindi. Halafu majangili wenye silaha wakaja na farasi na punda kutoka kaskazini, na mwaka 2006 ndio mwisho wa kuonekana kwao. Dume la mwisho duniani, Sudan, alikufa Kenya Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu, kule kule Kenya. Mwaka 2023 vifaru weupe 16 waliletwa Garamba kutoka Afrika Kusini, lakini hao ni wa kusini, ni ukoo mwingine. Ni jambo jema, ila yule wa kwetu harudi. Kutoka 15 mpaka 30 ilichukua karibu miaka ishirini. Kutoka 30 mpaka hakuna ilichukua mitatu tu. Kundi dogo halina akiba.

Na tusiondoke na huzuni peke yake. Gorila wa mlima, kwenye milima ya Virunga inayogawanywa na Kongo, Rwanda na Uganda, walibaki kama 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hesabu ya 2015–2016 ilipata 604. Wale waliongezeka kweli, na waliolipa bei ni walinzi: zaidi ya 200 wamekufa kazini upande wetu wa Virunga.

Tatu ni sheria na watu. Sheria ya uwindaji ya 1982, sheria ya kulinda viumbe ya Februari 2014, dekreti ya Agosti 2014 inayoruhusu kijiji kupata pori lake mpaka hekta 50,000, sheria ya Julai 2022 juu ya haki za Wambuti na Batwa. Mhitimu asiyejua haya atahesabu wanyama vizuri, kisha kijiji kitamfukuza, na kitakuwa na haki.

Vita ilipowaondoa wengine

Hapa njo sehemu ambayo haijaandikwa vya kutosha. Miaka ya 1996 mpaka 2003, wakati wa vita, watafiti wa kigeni waliondoka, na ilieleweka: balozi zao ziliwaita. Kazi ikabaki mikononi mwa nani?

Pale Epulu, ndani ya hifadhi ya okapi iliyoanzishwa 1992, kulikuwa na Corneille Ewango, mtu aliyesoma biolojia Kisangani akapenda miti. Wakati viongozi wengi walikimbia, yeye alibaki. Kulikuwa na mkusanyo wa mimea mikavu, maelfu ya karatasi zenye majani na matunda, kila moja na tarehe na mahali ilipochumwa. Kwa askari, ni takataka za kuwashia moto. Ewango alificha vitu vya utafiti, na mwaka 2002 alikaa miezi mitatu porini akijificha. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira, na baadaye akapata udaktari Uholanzi. Mara nyingi anasifiwa kwa ujasiri wake, na ni haki yake. Mimi naongeza jambo lingine: alijua ni kitu gani cha kuokoa. Ile ni kazi ya shule. Bila masomo, mtu jasiri angeokoa magodoro na jenereta.

Upande wa Lubero, Kivu ya Kaskazini, kitu kingine kilizaliwa katika vita ile ile. Mwaka 1998, Pierre Kakule Vwirasihikya, aliyekuwa zamani mfanyakazi wa parki, alikaa na machifu wa Batangi na Bamate. Wakakubaliana kutenga sehemu ya pori lao kwa ajili ya gorila, kwa mipaka waliyoiweka wenyewe, bila kungojea dekreti kutoka juu. Hifadhi ya Tayna ilitambuliwa na serikali mwaka 2006. Na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000, pale Kasugho, walianzisha shule kuu ya biolojia ya uhifadhi, iliyokuja kuwa chuo kikuu. Fikirini kidogo: kijijini, mbali na lami, wakati wa vita, watoto wa wakulima wanafundishwa kuchunguza wanyama wa pori la babu zao. Parki Albert ilianza na mfalme kisha ikaajiri wanakijiji. Kasugho ilianza na wanakijiji kisha ikatafuta sahihi ya serikali. Ni ile ile karne moja, imegeuzwa kichwa chini.

Deni letu

Kama historia ingesimama hapo, ningesema tumeshinda: zamani wazungu, leo sisi. Lakini kuna wengine ambao hawajaingia bado kwa hilo neno "sisi".

Wakati Kahuzi-Biega ilianzishwa na kisha kupanuliwa mwaka 1975, familia za Batwa zilitolewa ndani ya pori lililokuwa nyumba yao. Tumesoma gorila kwa nyayo walizotuonyesha, na wao wakabaki pembeni ya parki bila ardhi. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ukisema haki zao zilivunjwa. Kila mwanafunzi wa uhifadhi angepaswa kuusoma mwaka wa kwanza, kabla ya kushika jipiesi.

Wakati wa staji yangu, aliyenifundisha kusoma kitanda cha gorila alikuwa mzee asiyejua kuandika jina lake. Aliweza kusema: huyu jike, ana mtoto, walipita jana asubuhi, walikuwa na haraka. Mimi nikaandika, nikapewa alama nzuri. Memwari iko kwenye kabati la chuo nilichosomea, pamoja na zingine nyingi, zote kwa Kifaransa, na panya wanajua yaliyomo kuliko kijiji kile. Hii si hadithi yangu peke yangu. Ni hadithi ya promosheni zetu zote.

Na elimu ya kijiji haijaisha kutoa. Mwaka 2007, mjini Opala, watafiti waliona nyani mchanga amefungwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Hawakuwa wamewahi kuona aina ile. Watu wa pale walimwita lesula, jina la siku zote. Mwaka 2012 alitangazwa kama spishi mpya, na mwaka 2016 pori lake likawa parki ya taifa ya Lomami. Kutoka kofia ya Ituri mpaka ua la Opala ni zaidi ya miaka tisini, na bado aliyejua wa kwanza ni mwenyeji. Tofauti ni kwamba safari hii jina la kijiji lilibaki: dunia nzima inamwita lesula.

Kwa baba aliyeniuliza

Sasa nusu ya kwanza ya swali, ya mfuko. Sitadanganya mtu. Nafasi za ICCN ni chache, mishahara ya serikali inachelewa, na miradi ya wafadhili inaisha baada ya miaka mitatu. Mtoto anayekimbilia pesa ya haraka aende kwingine. Anayebaki ajifunze kuhesabu vizuri, ajifunze sheria, aandike, na ajue lugha ya kijiji anakofanya kazi. Mwenye vinne hivyo nimeona anapata kazi, hata kama si mwaka wa kwanza. Na nchi inamhitaji: kila mahali panapobishaniwa mgodi, barabara, mafuta au pori la jamii, mtu fulani ataandika ripoti ya wanyama waliopo. Kama si mtoto wako, itaandikwa na mwingine.

Kwetu sisi tuliokwisha kupata diploma, naomba jambo moja dogo lisilongojea mfadhili. Toa memwari yako kwenye kabati. Andika kurasa mbili kwa Kiswahili, ao kwa Kinande, Kishi, Kilega, Lokele, kwa lugha ya pale ulipokusanya takwimu. Taja aliyekuonyesha njia, kama anakubali. Urudi ukawasomee. Watakusahihisha, juu wanajua mengi kuliko sisi. Na pengine katika wale watoto watakaosimama mlangoni kusikiliza, mmoja atauliza hiyo shule ya kuhesabu gorila iko wapi, na minervali ni ngapi.